Siku Niliyoita Watu kwa Ngoma

Mkiniona sokoni Kisangani nimevuta kofia mpaka puani, msinisalimie kwa sauti. Ninawakimbia watu wa kijiji kizima.

Jumapili nilipeleka watoto na mke wangu, mtu wa Butembo, kijijini kwa mjomba wangu, Tonton Lisungi. Walitazama mitego ya samaki ikisukwa, wakala lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki wa moshi. Mke wangu alisifu kila kitu isipokuwa mimi. Kwa hiyo nilipoona uani kwa Tonton lokole, ile ngoma ya gogo ambayo mababu walipelekea habari, nilijaza kifua.

"Babu alikuwa anapiga hivi," nilisema, "watu wanatoka kila upande, na masufuria makubwa yanapanda kwenye moto. Inasema: kujeni mukule!"

Nikapiga. Nikarudia kwa maringo.

"Papa, wanakuja!" watoto walishangilia. Kweli, mitumbwi ilikuwa inavuka mto.

"Umeona?" nilimwambia mke wangu.

"Naona. Lakini juu ya nini wanalia?"

Wanawake waliingia uani mikono kichwani. "Yoo, Lisungi! Ametuacha!"

Ndipo nilipoelewa kwamba babu alikuwa anatangaza vifo, na masufuria yale yalikuwa ya matanga.

Tonton, aliyekuwa amelala ndani, akatoka na singileti, macho mazito.

"Bon," aliuliza, "nani amekufa?"

Wote wakamnyooshea kidole yeye. Akawatazama mmoja mmoja, kisha macho yake yakatua kwenye mikono yangu, ambayo bado ilikuwa imeshika fimbo za lokole.