Chupa Juu ya Dagaa

Mwaka themanini na saba, nikiwa na miaka tisa, nilianza kuanguka kifafa, na shule ikaishia hapo. Mpaka leo nikipita penye dagaa wakavu sokoni Tunduma, harufu ile inanirudisha kwenye meza ya forodha.

Mama alikuwa amenipeleka hospitali ng'ambo, Zambia, tukapewa chupa ya vidonge. Njiani kurudi, wachuuzi wenzake wakamwambia aifukie chini ya dagaa wa kuuza aliowabeba kwenye beseni, kama wao walivyoficha sabuni zao. Mama akaiweka juu kabisa.

Afisa akaichukua. "Mama, dawa hizi unakwenda kuuza?"

"Ni za huyu mtoto."

"Wote mnasema hivyo. Chupa inabaki."

Mama hakulia, hakupiga magoti. Akanisukuma mbele ya meza. "Basi baki na mtoto pia, baba. Saa yake ya kumeza imefika. Akianguka mlaze ubavu, na usimwache karibu na moto. Mkono huo aliungua."

Afisa akautazama mkono wangu, kisha akamimina maji kwenye kikombe chake mwenyewe cha bati.

"Meza, binti."

Nikameza. Kidonge kilikuwa kichungu, na kikombe kilinuka chai. Mama akachukua chupa yake, akairudisha palepale juu ya dagaa, tukaondoka.

Leo nina mashine mbili za kusaga, shamba la kahawa Mbozi, nyumba ya matofali ya kuchoma na watoto wanne. Chupa ile ninayo pia. Naweka humo chumvi ya jikoni.