Mkono wa Baba na Mipira ya Wanachama

Harufu ya chokaa mbichi ikinipata popote, hata leo, nakuwa tena na miaka kumi, nimesimama nyuma ya klabu kule Kinondoni nikimtazama baba akichora mistari ya uwanja wa tenisi. Alianza alfajiri. Kwanza aliumwagia maji udongo mwekundu, kisha akavuta rola la chuma huku na huko mpaka uwanja ukalala sawasawa, halafu akainama na kopo lake la chokaa na brashi, akifuata kamba. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi, hatua chache kutoka kwenye uzio: baba, mama, mimi na wadogo zangu wawili katika chumba kimoja na ukumbi mdogo. Saa kumi jioni, wanachama walipotoka maofisini, baba alivaa kaptula nyeupe iliyotiwa buluu ya kufulia, akachukua raketi yake ya mbao na kuingia uwanjani kucheza na yeyote aliyekosa mwenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa ajira yake. Wenzake wa Masasi waliokuja mjini walichonga vinyago au walibeba magunia bandarini. Baba yangu alilipwa mshahara kwa kupiga mpira, na majirani hawakuchoka kumtania kwa hilo.

Waliomtania hawakujua ile kazi ilivyokuwa. Mwanachama hakuja klabuni kufungwa. Alikuja kutoka jasho, acheke kidogo, kisha arudi nyumbani na cha kumsimulia mkewe. Kwa hiyo baba alimrudishia kila mtu mpira pale pale mkono wake ulipofika. Bwana mmoja mnene wa wizarani alipewa mipira ya karibu na kiuno. Daktari mwenye goti bovu hakukimbizwa upande wa kushoto hata siku moja. Baba akiona mtu anaanza kununa, alikosea mara mbili tatu kwa makusudi, akatikisa kichwa akijifanya ameshangaa, na yule bwana akaondoka akipiga mluzi. Mimi nilikaa kwenye uzio nikihesabu mpira unavuka wavu mara ngapi, na siku nyingine nilifika sitini kabla haujaanguka. Nilimwona baba fundi kweli kweli, ila sikuwahi kumwona akimshinda mtu.

Mwaka ule klabu ilipata katibu mpya, mtu mwembamba aliyependa kuuliza kila mfanyakazi anazalisha nini. Zilikuwa zama za maswali hayo. Mpishi alikuwa na jibu, mlinzi alikuwa na jibu, baba akabaki anapapasa nyuzi za raketi. Wakati huo huo yakatangazwa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, yaani watu wa kazi ya baba kutoka klabu za Tanga, Moshi, Arusha na kwingineko, wanaume wanane wacheze mmoja kwa mmoja, na uwanja uwe wa kwetu. Katibu akamwita baba ofisini. Baba alitusimulia usiku, mbele ya sinia la ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano: akifika fainali atabaki na kazi yake, asipofika nafasi itatangazwa na chumba tukiache mwisho wa mwezi. Mama aliuliza kama basi tunarudi Masasi. Baba akasema tutaona. Siku zile mtu asiye na kazi hakuachwa azurure mjini. Alihimizwa arudi kijijini akalime, na mama, aliyekuwa ameshona sare yangu ya shule kwa mkono wake, hakugusa tena ugali.

Naona haya kuandika hivi, lakini sikuwa na shaka kwamba baba angeshindwa. Nikaanza kuaga. Nilikuwa na kipara cha mpira wa tenisi, kilichoisha manyoya kabisa, na kwa sababu yake nilikuwa mtu mkubwa katika rede, mchezo wetu wa kukwepa mpira, mtaa mzima, kwani wenzangu walicheza na mipira ya soksi. Nikampelekea rafiki yangu Salome, binti wa karani wa Iringa, jirani yetu wa pili. Salome alilia kwa kwikwi, ila mkono wake ulikuwa umeshaupokea mpira kabla machozi hayajaanza.

Mechi ya kwanza baba alipangiwa mzee wa Tanga, mwenye kazi ile ile kwa miaka ile ile. Sijapata kuona kitu cha ajabu vile. Wazee wawili, kila mmoja amelipwa maisha yake yote asimuudhi mtu, walisimama wakapeana mpira. Huyu alimpa mwenzake mkononi, naye akamrudishia mkononi. Mwamuzi alipiga miayo. Wanachama barazani wakaagiza chai, wakainywa, wakaagiza nyingine. Pointi moja nilihesabu mpaka mia na kumi nikapotelewa na hesabu. Mwisho msuli wa mguu ulimkaza yule mzee wa Tanga, na baba akamsaidia kutoka uwanjani, akimpa pole na kumwomba radhi. Tukawa tumeshinda bila mtu yeyote kushinda.

Nusu fainali ilikuwa Jumamosi, dhidi ya kijana wa Moshi mwenye raketi ya chuma, ya kwanza kuiona machoni mwangu. Huyu hakuwa amekaa katika kazi ile hata miaka miwili, na adabu zake hakuwa nazo. Baba alimpa mpira mkononi, kijana akauchapa hadi kwenye uzio. Baba akampa mwingine, vizuri zaidi, na ukaenda kule kule. Baba hakuwa mzembe, wala hakuogopa. Mkono tu ulikuwa umezoea, uliutafuta mkono wa mtu ulipo na kumpelekea mpira pale pale. Seti ya kwanza iliisha sita kwa moja, na mimi nilikuwa nimeshafika Masasi kwa mawazo, nachota maji.

Mama alikaa chini na wake wa wafanyakazi, nyuma ya uzio. Kwa miaka yote hakuwahi kumsemesha baba mbele ya wanachama, maana ilikatazwa, na hata isingekatazwa asingefanya. Siku ile alifunga kanga vizuri, akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye wavu wa uzio mahali ambapo baba alikuwa ametundika taulo lake. Nilimfuata nikiwa nimeshika ncha ya kanga.

"Baba Asumini," alisema kwa sauti ya chini, "huyo si mwanachama."

Baba alijifuta uso, akamtazama.

"Si mwanachama huyo," mama akarudia. "Usimpe."

Katibu alikuwa amegeuka barazani, anatutazama. Baba akatundika taulo, akarudi uwanjani. Mpira wa kwanza uliomfikia aliuchelewesha kidogo mkononi, nikamwona anamtazama kijana alipo, kisha anatazama asipokuwepo, akaupeleka huko. Ulianguka juu ya chokaa aliyoipaka mwenyewe asubuhi. Kijana hakusogea. Baba naye hakusogea. Alibaki anaangalia ile alama nyeupe iliyotimua vumbi, mpaka mwamuzi akamwomba aendelee. Kuanzia hapo aliutumia uwanja ule alioujua kuliko mtu yeyote, kila kona aliyoinama kuichora. Mtu anayejua kukupa mpira unapofika anajua pia, kwa nusu hatua, usipofika. Seti ya pili alichukua sita kwa nne. Ya tatu tuliitazama roho mkononi, mama amefumba macho na mimi namsimulia, mpaka baba akaichukua saba kwa tano na nikashindwa kusema, nikamvuta tu kanga. Alikaa chini kwenye nyasi akashusha pumzi ndefu, nami nikajilaza mapajani mwake. Sijui kama nimepata kulala vizuri namna ile tena.

Fainali baba alifungwa mapema, na sijaona mtu aliyefungwa akala pilau kwa furaha ile. Jumatatu saa kumi alikuwa uwanjani na bwana mnene wa wizarani, anampa mipira ya kiunoni. Mimi nilikwenda kuudai mpira wangu. Salome akasema, "Mie nimeshauzoea, Asumini, tucheze wote," tukacheza wote mpaka ukapasuka.

Uwanja ule sasa ni maegesho ya magari. Baba alifia mjini, katika nyumba yake, na mama vilevile. Wajukuu wangu hutazama tenisi kwenye televisheni, wanaume wa kulipwa wanaopiga mpira mbali na mwenzao tangu pointi ya kwanza, na hakuna anayehitaji kuambiwa asimpe. Juzi nilikuwa uani namrushia mpira yule mdogo wao, akauacha upite, akakunja uso. "Bibi, unanipa mwepesi kila siku," alisema. Nilikuwa sijajua. Nikautazama mkono wangu, nikacheka mpaka nikatafuta pa kukaa, kisha nikamwambia aulete, nimpe mwingine kama ule ule, kwa sababu yeye ni mwanachama.