Kelele Inayomwogopa Mama Mkwe

Jamani, leo nimemshusha mama mkwe njiani ili gari lipige kelele.

Msinihukumu kwanza.

Wiki nzima kuna kitu kinagonga ndani ya gari langu: ka-ka-ka, kila barabara inapokuwa mbaya. Mimi ufundi nimejifunzia kwenye simu, kwa hiyo nimefungua dashibodi mara mbili na kujaza sponji la godoro kila tundu. Mke wangu akasema nikishindwa safari hii, gari linakwenda kwa fundi wa kweli.

Leo nampeleka mama yake hadi Isongole. Amekaa mbele, amefunga mkanda. Mashimo njia nzima, lakini gari kimya!

Sasa nitaitafutaje kelele isiyosikika?

"Mama, samahani. Shuka kidogo, nisogee peke yangu."

Akaniangalia sana. "Kumbe mzigo ni mimi, baba?"

Akashuka. Nikasogea kidogo tu: ka-ka-ka!

Nikarudi nyuma nikiwa nashangilia, yeye hacheki. Akaingiza mkono dirishani, akashika chuma cha mkanda wake.

"Hiki hapa, baba. Nikikaa nakifunga. Nikishuka kinaning'inia, kinagonga mlango."

Semeni ukweli, nyie mngejua?

Nimemfikisha. Kurudi Tukuyu, nikafunga mkanda wa kiti kitupu. Kimya kama kanisani. Nikaendesha kwa raha, napiga mluzi, mpaka trafiki aliponisimamisha.

Akachungulia kile kiti. Akanigeukia taratibu.

"Kiti kimefunga mkanda. Dereva je?"