Taa ya Rhobi

Nakiri, ulikuwa wivu tu. Pale gereji kwetu Musoma, nilikuwaga fundi wa kwanza kuulizwa. Siku hizi hata wateja wa Bunda wanamtaka mwenzangu Rhobi, eti yeye ndiye anajua kupima ile rangi ya kutia kwenye oili, inayong'aa chini ya taa yake na kuonyesha injini inapovuja.

Jana alipoenda kunywa chai, nikafungua chupa yake ya rangi kwa meno, nikaimimina yote kwenye injini aliyokwisha kuipimia.

Aliporudi akachota oili kidogo, akaimulika. "Rangi imezidi! Nani kaongeza?"

"Umeshindwa kupima, dada," nikasema, nikacheka kwa nguvu ili bosi asikie.

Rhobi akanigeukia, taa ingali mkononi.

Mteja mwenye gari akanishangaa. "Fundi, mbona meno yako yanawaka kijani?"