Picha ya mlango

Katika vikao ninavyoongoza vya kuwaliwaza wakimbizi, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, kila mtu huchagua kadi moja na kueleza picha inamkumbusha nini. Kadi nilizikata mwenyewe kutoka kalenda ambazo wauzaji wa jumla huwagawia wateja. Mlango uliofungwa niliuhesabu kati ya picha za kutuliza moyo.

Mama mmoja kutoka upande wa Beni alikuwa amemaliza vikao vitatu bila kusema neno. Katika kikao cha nne akauchukua mlango huo.

“Mama, unaona nini?”

“Mulango. Ya kwetu sikufunga. Nilikimbia na batoto. Mama yangu alibakia mu kitanda, miguu ilimukatala.”

Swali langu la pili lilikuwa tayari daftarini. Nikalifunga daftari. Wenzake waliweka kadi zao chini, wakamsogelea.