Jiko Lisiingie Hemani

Naikumbuka alasiri moja ya mvua, mwanangu, na nimeikumbuka zaidi tangu jana uliponionyesha zile picha kwenye simu yako. Nilikuona kando ya ziwa na wageni wako wa kutazama ndege, umepiga hema, chai inachemka kwenye lile jiko lako dogo la kukunja. Nimelipenda, sikufichi. Vijiti vichache tu vya mathenge, ule mti wa miiba, na sufuria inatokota. Lakini picha ya mwisho ilininyima raha. Mvua inanyesha, hema limefungwa, na jiko liko ndani, karibu na miguu yako, nawe unacheka. Nilikurudishia simu nikainuka, ukadhani mama yako mdogo haelewi mambo ya utalii. Haya, keti nikueleze. Mambo haya yanakuhusu wewe mwenyewe, na dada yangu Hawayu aliyekuzaa ameniomba nikusimulie mimi, kwa sababu yeye kila akianza sauti inamkatika.

Wewe ulizaliwa wakati wa mafuriko makubwa. Mto ulifurika hadi kijiji chetu cha Idsowe chote kikawa maji, mpunga ukazama, migomba ikabaki vichwa tu. Tukahamia penye mwinuko, kando ya barabara ya kwenda Garsen. Kila nyumba ilipewa karatasi moja nyeupe ya nailoni, tukaikaza juu ya fito na kuiita nyumba. Humo ndimo ulimozaliwa. Hukutaka kungoja maji yapungue, na haraka hiyo unayo mpaka leo. Mimi nilikuwa msichana, sijaolewa, na kazi yangu ilikuwa kumhudumia mzazi: maji, uji, na nguo zako ambazo hazikukauka hata mara moja.

Kuni kavu zilikuwa za kutafutwa kama dawa. Jirani yetu mmoja, fundi wa bati, akatutengenezea jiko kwa mikebe miwili ya maziwa, mmoja ndani ya mwingine, matundu chini ya kuvuta hewa na matundu juu ya kutolea moto. Ukilitia vijiti vyembamba likashika vizuri, moshi huuoni. Sisi tuliozoea mafiga na macho mekundu tuliona maajabu. Bibi yako, yaani mama yetu, alilipenda jiko lile kuliko alivyotupenda sisi watoto wake. Namtania tu, Mungu amlaze pema.

Sasa, wajua kwetu mzazi haachwi apigwe na baridi. Moto huwekwa karibu na kitanda chake mpaka arobaini iishe, apate joto, maziwa yateremke, mbu nao wakimbie. Tumefanya hivyo miaka na miaka katika nyumba zetu za nyasi, na hata mimi nilizaliwa kando ya moto kama huo. Alasiri ile mvua ilikuja na upepo, na mikono yako ikawa baridi kabisa. Bibi yako akaogopa. Akangoja vijiti viungue yabaki makaa mekundu, akaliingiza jiko ndani, akashusha karatasi pande zote na kuikandamiza chini kwa udongo ili upepo usipate pa kupita.

"Halina moshi," alisema, ameridhika na kazi yake. "Hata macho ya mtoto hayatawasha."

Tukawaacha mpumzike, mama yako na wewe kifuani pake. Sisi tukahamia chini ya karatasi ya jirani, hatua chache tu kutoka pale, tukawa tunapeta mchele.

Palikuwa na mama mmoja mjane hapo kambini, Mama Hiribae. Huyo alikuwa na tabia ya kuzunguka kila mlango akibisha hodi, na haondoki mpaka mwenyewe aitikie. Hana haja ya chumvi, hana habari ya kukupa, anataka tu kusikia sauti yako. Vijana tulimcheka, tukamwita Chifu wa Hodi. Alasiri hiyo akafika kwetu kama kawaida yake.

"Hodi, Hawayu!"

Kimya.

"Hodi, mama!"

"Mwache, Mama Hiribae," bibi yako akajibu kutoka tulipokuwa. "Amelala. Mtoto hakumpa nafasi tangu jana."

"Mimi siulizi wewe. Nauliza yeye."

"Si nakwambia amelala? Kwani lazima?"

"Mzazi halali hivi. Na mtoto pia halii?"

Akaita tena, kwa sauti ya kumwamsha hata mlevi. Aliposikia kimya kile kile, aliinama, akaokota panga letu la kukatia kuni, akaipasua karatasi kutoka juu mpaka chini.

Bibi yako alipiga ukelele. Wewe fikiria, ile ndiyo nyumba yetu pekee, na mvua inashuka. "Unatuchania nyumba! Una wazimu?" Akamrukia na kumshika mkono. Mama Hiribae alimsukuma pembeni, akaingia.

Mama yako alikuwa macho nusu, midomo inacheza lakini neno halitoki. Wewe ulikuwa juu yake, umelegea kama nguo iliyolowa. Tuliwatoa nje. Wewe nilikupokea mimi, mvua ikikupiga usoni, nikakuita, nikakupapasa kifua, nikakupuliza, na wewe kimya tu. Mwanangu, nimefiwa na mume na nimezika wazazi wangu, lakini hofu ile sijaionja tena. Kisha ukakohoa, ukalia kidogo, kilio chembamba cha paka. Nikaketi matopeni na kulia pamoja nawe.

Lori lililokuwa likileta unga liliwapeleka hospitali Garsen. Hawayu alitapika njia nzima na kichwa kilimuuma hadi siku iliyofuata. Muuguzi ndiye aliyetueleza. Makaa yakifungiwa mahali pasipopita hewa hutoa hewa ya sumu, isiyo na harufu wala moshi, na mtu huhisi usingizi tu. Nyumba ya nyasi inapitisha hewa kila upande, ndiyo maana mazoea yetu hayakuwa yametudhuru. Ile karatasi haikupitisha chochote.

Mliporudi, bibi yako alimwendea Mama Hiribae kumshukuru, macho yakiwa chini. Nilidhani atagombezwa kwa sababu ya ule moto. Wala.

"Moto uliuweka kwa mapenzi," mama yule akamwambia, taratibu. "Hapo sina neno. Lakini mimi nabisha kwa Hawayu, jibu unatoa wewe. Usifanye tena hivyo, mama. Mtu akiitwa, mwache ajibu mwenyewe."

Hapo ndipo nilipomwona mama yangu akilia mbele za watu kwa mara ya kwanza. Karatasi tuliishona kwa uzi wa gunia, ikavuja mpaka tuliporudi nyumbani.

Kwa hiyo sikilizeni, wewe na wenzako wenye majiko ya mkobani. Pikia nje, mahali umefyeka nyasi, ukiwa umewapa wenzako nafasi ya kupita. Mvua ikija, kula mkate mkavu au pikia chini ya turubai lililo wazi pande zote. Usilete jiko hemani, liwe na moto, liwe na makaa, hata ukiambiwa halina moshi. Ukisikia baridi, tia maji ya moto kwenye chupa, uifunge kwa shuka, ulale nayo. Ukimaliza kupika, mwagia maji makaa mpaka yaache kufuka. Na mgeni wako akikawia kuamka, usiseme amechoka. Mwite, ungoje sauti yake.

Najua unachowaza. Unamkumbuka bibi yako, jinsi alivyokukera. Kijana mzima una ndevu, umejilalia mchana, naye amesimama mlangoni, hodi, hodi, mpaka useme, "Nipo, bibi." Ulinung'unika ukasema ni uzee. Haukuwa uzee. Hata alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, alinituma mimi nije nikubishie, na hakufumba macho mpaka nirudi nimwambie umeitika.

Nenda basi kwa wageni wako, mwanangu. Mungu akupe mvua za kiasi na kuni kavu, akulinde na hatari usiyoiona wala kuinusa, na kila utakapobishiwa hodi, uwe na pumzi ya kuitikia.