Ukuta Uliokosa Kibla

Siku yangu ya kwanza katika ujenzi, pale Kasongo, sikushika hata mwiko. Fundi Mkuu, mzee wa Pwani mwenye ulimi wa pilipili, alinitia shimoni nikanyage udongo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilifurahi kupita kiasi. Kabla ya hapo nilikuwa mpagazi wa pembe za ndovu, na mkuu wa msafara alikuwa ameniazimisha tu kwa fundi: nikiharibu kazi, narudi kubeba hadi Ujiji. Wenzangu wawili tulikuwa tumewazika njiani.

Ninyi vijana wa matofali ya kuchoma mnadhani udongo ni matope tu. Sisi tulichimba kichuguu, maana mchwa huusaga udongo vizuri kuliko jembe lolote, tukauchanganya na nyasi zilizokatwakatwa, tukaulaza siku tatu. Ukuta ulipanda kwa tabaka la dhiraa moja moja, na hupandishi la juu mpaka la chini limekaza. Mwenye haraka alijenga mara mbili.

Baadaye tukapelekwa Kabambare kumjengea Shehe wa huko zawiya, nyumba ya wanafunzi wake waliotaka kujitenga na watu wakae na zikri, kumtaja Mungu. Hakuwa na mali. Alitaka vyumba vidogo vya udongo, paa la nyasi na upenu mrefu wa kuzuia mvua, basi.

Fundi Mkuu akanyoosha mkono kuonyesha upande wa kuswalia. “Kibla kaskazini, kama kwetu. Vuta kamba!”

Nikavuta. Ukuta wa mbele ulikuwa umefika kifuani Shehe alipokuja na dira na kitabu chake. Alipima, akapima tena.

“Umekosa kibla,” akasema. “Ukiwa Pwani, kibla ni kaskazini. Huku tuko magharibi mno, lazima ugeukie mashariki kidogo. Nani alivuta kamba?”

Mkuu wa msafara, aliyekuwa amepiga kambi Kabambare akielekea Ujiji, alikuwa amesimama palepale. Nikasogea mbele.

“Ni miye, Shehe. Musinirudishe ku musafara.”

Nilimtazama Fundi Mkuu nikajua ananitosa. Alikuna ndevu, akakohoa.

“Kamba yake imenyooka,” akasema. “Kilichopinda ni kichwa changu. Nimejenga misikiti Pwani miaka yote, nikadhani kibla hunifuata kila niendako.”

Shehe alicheka hata akakaa chini. “Basi bomoeni. Udongo huo bado mbichi.”

Tuliukata ukuta kwa panga, tukaloweka mabonge, tukakanyaga upya. Wanafunzi waliingia shimoni nasi, wakikanyaga kwa mwendo wa zikri. Nililia mbele yao wote, wala sioni haya kusema.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa shimo. Nimetumikia wakubwa wengi, na wengine walinilipa vizuri zaidi. Yule mzee wa Pwani angeweza kunyamaza tu, asipoteze kitu. Tabaka la kwanza la ukuta mpya lilipokaza, msafara uliondoka Kabambare. Nilisikia ngoma yao ikipita nyuma ya ukuta huo, nami nimezama udongoni mpaka magotini, nikaendelea kukanyaga.